Tiba ya Homoni ya Ukomohedhi

Dawa ya homoni anayopewa mwanamke baada ya hedhi kukoma mara nyingine huitwa "tiba mbadala ya homoni". Jina hilo linapotosha. Tiba mbadala ina maana yake tayari: Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002. Mama auzaye omena katika soko la Muthurwa, Nairobi, akiambiwa atumie tiba mbadala, atamwendea muuza miti shamba, ilhali daktari alimaanisha vidonge au vibandiko vya estrojeni.

Ili kuelewa dawa hii hufanya nini, tuanze na mfupa: mfupa ulio hai humegwa na kujengwa upya kila siku. Estrojeni huzidhibiti seli zinazoumega. Hedhi inapokoma, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, homoni hiyo hupungua na umegaji hushinda ujenzi. Huo ndio mwanzo wa udhaifu wa mifupa, yaani osteoporosisi. Hauna maumivu. Mama huinua magunia miaka nenda miaka rudi, hadi siku anapoteleza kwenye matope ya soko na kuvunjika nyonga. Omena anayoipima kwa gorogoro huliwa pamoja na mifupa yake na ina kalisi tele, lakini kalisi pekee haizibi pengo la estrojeni.

Jina jingine, "tiba ya kurejesha homoni", nalo linaahidi mno. Dozi hairudishi ujana; inazuia mfupa usizidi kupotea, na ikiachwa, upotevu huanza tena. Mwaka 2002, utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake zaidi ya 16,000 ulionyesha kuwa estrojeni pamoja na homoni ya projestini hupunguza kuvunjika kwa nyonga kwa takriban theluthi moja, lakini huongeza saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Tiba hii hufaa zaidi walio chini ya miaka 60, au ambao haijapita miaka 10 tangu hedhi yao ikome. Mwenye mfuko wa uzazi huongezewa projestini ili kuukinga na saratani.

Napendekeza "tiba ya homoni ya ukomohedhi". Jina hili linataja dawa na wakati wake, bila ahadi ya ziada. Wahudumu wa afya, litumieni. Nawe mama, kabla ya kumeza kidonge, mweleze daktari kama umewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu, kisha umuulize utaitumia dawa hiyo kwa muda gani.