Bandari isiyo na maji

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya safari. Juzi nikiwa Isaka, mkoani Shinyanga, rafiki yangu wa Dar alinipigia simu kuuliza niko wapi. Nikamjibu: "Niko bandarini." Akashangaa: "Kwani umeshafika? Mbona hujasema?"

Simlaumu. Kwa mtu wa Dar bandari ni Kurasini, meli na harufu ya chumvi. Isaka iko karibu kilomita 1,000 kwa reli kutoka baharini, na hata ziwa haioni. Kuna reli, makontena, malori na vumbi. Lakini ni bandari kweli, tunaiita bandari kavu. Mzigo wa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo unashushwa kwenye treni hapa na kupakiwa kwenye malori kuelekea mipakani.

Swali la rafiki yangu likanifanya nichimbue neno lenyewe. Sisi "bandari" tuliipata kwa Waajemi, ambao hadi leo wana mji wa Bandar Abbas. Neno hilo lilisafiri na wafanyabiashara hadi kwa Wamalai, na huko "bandar" ikaja kumaanisha mji.

Waingereza wanasema "port", na hapo ndipo utamu ulipo. Neno hili lina ndugu wawili wa Kilatini: "portus", yaani bandari, na "porta", yaani lango. Wataalamu wanasema yote mawili yanatoka kwenye shina moja lenye maana ya kuvuka. Ndugu wa tatu ni "portare", kubeba. Humo ndimo zilimotoka "import" na "export" tunazozisikia kila bajeti ikisomwa. Ile mvinyo iitwayo port ilichukua jina la mji wa Porto, Ureno. Mabaharia nao huita "port" upande wa kushoto wa chombo, ule uliokuwa ukielekezwa gatini. Jeshi la majini la Uingereza liliagiza neno hilo litumike rasmi mwaka 1844, kwa kuwa lile la zamani, "larboard", lilikuwa likichanganywa na "starboard", upande wa kulia.

Sasa angalieni neno "porter". Kwa Kiingereza ni maneno mawili yanayofanana: moja ni mlinzi wa lango, jingine ni mbeba mizigo. Kuna hata bia nyeusi ya London ya karne ya 18 iliyopewa jina hilo kwa sababu wabeba mizigo waliipenda.

Na nani alibeba mizigo katika nchi hii kabla ya treni? Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, watu wa pande hizi hizi. Walitembea miezi hadi Bagamoyo wakiwa na pembe za ndovu mabegani, kisha wakarudi na vitambaa na shanga. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la kwenda Mwanza likakamilika mwaka 1928. Kwa maana hiyo huku kulikuwa na wabebaji wa bandari zamani sana kabla ya bandari yenyewe. Vitabu vya wazungu vina majina ya wavumbuzi waliobebewa mizigo. Majina ya waliobeba ni machache mno.

Kitu kingine kilichonigusa: bandari kavu nayo inaweza kukwamishwa na maji. Mwishoni mwa 2009 mafuriko ya Kilosa yalisomba reli ya kati, na treni za kutoka Dar zikakatika. Isaka haikupata hata tone la mafuriko yale, lakini bandari bila treni ni uwanja wa makontena tu. Hapo nikaona kwamba Walatini walikuwa sahihi: bandari ni mahali pa kuvuka, na maji ni ziada. Kuvuka kukisimama, kuli aliyelipwa kwa siku ndiye wa kwanza kulala njaa.

Nimalizie na neno ambalo kila kijana mwenye CV analijua: "opportunity", fursa. Asili yake ni Kilatini, na lilitumika kwa upepo unaovuma kuelekea bandarini. Isaka imeahidiwa upepo mara nyingi. Mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zilikubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali. Mwaka 2021 likawekwa jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka.

Mimi naombea upepo huo ufike. Ila safari hii, kitabu kitakapoandikwa, waliobeba mizigo nao waandikwe kwa majina.

Tuko pamoja.