Taarab ya Baada ya Kazi: Vilabu vya Unguja na Waliochelewa Kuanza

Taarab ya Unguja ilianzia kwenye jumba la mfalme. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta wanamuziki kutoka Misri, na mapokeo ya visiwani yanasema alimtuma Mohamed Ibrahim huko kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Ulikuwa muziki wa baraza ya mfalme na wageni wake. Mtoto wa mvuvi au wa seremala aliyetamani kupiga udi hakuwa na pa kuupatia.

Mlango ulifunguliwa na vilabu. Mwaka 1905 kilianzishwa Ikhwani Safaa, kikundi cha vijana wa mjini waliokutana kupiga na kuimba kwa furaha yao. Mwaka 1958 kilifuata kile kinachojulikana leo kama Culture Musical Club. Wanachama wengi wa vilabu hivi hawakuishi kwa muziki. Mchana walikuwa makarani, mafundi, wafanyakazi wa bandarini; usiku walishika fidla, akodiani na dufu. Ujuzi ulipatikana kwa kuketi karibu na mpigaji mkongwe, kumtazama vidole, kisha kujaribu.

Kanuni ndiyo inayompima zaidi mtu aliyeanza ukubwani. Hulazwa mapajani, nyuzi zake, zaidi ya 70, zimepangwa tatutatu kwa kila sauti, na mpigaji huzidona kwa vipigio vilivyobanwa kwa pete kwenye vidole vya shahada. Kabla ya wimbo wa kwanza lazima kila uzi ukazwe au ulegezwe kwa ufunguo, kazi inayohitaji subira na sikio. Mtu aliyetoka kazini amechoka akaifanya kazi hiyo usiku baada ya usiku, bila mshahara, anastahili kuitwa mwanamuziki kama mwingine yeyote.

Kwa wanawake njia ilikuwa nyembamba zaidi. Mwimbaji Siti binti Saad alizaliwa kijijini Fumba yapata 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Hakupata shule, alitembea akiuza vyungu na kuvinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Alihamia mjini mwaka 1911, akiwa mtu mzima, na huko ndiko alikofundishwa kuimba kwa taratibu za taarab. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay na wenzake kurekodi nyimbo za Kiswahili, na sahani za santuri zenye nyimbo hizo zikaingia katika nyumba ambazo hapo awali taarab ilisikika kwa Kiarabu tu. Mwandishi Shaaban Robert aliandika maisha ya Siti katika kitabu.

Baadaye vikaja vyama vya wanawake, kama Nuru l-Uyuni na Sahibu l-Arri. Wanachama walishona sare, walichangiana harusini na msibani, na waliimba kwa kushindana. Hata msikilizaji asiyeimba alikuwa na nafasi yake: ubeti ukimgusa, hunyanyuka na noti mkononi, hujongea akicheza taratibu, akamtunza mwimbaji, na ukumbi mzima hujua maneno hayo ameyafanya yake. Hata hivyo ala zilibaki mikononi mwa wanaume. Mwanamke aliweza kusifiwa kwa koo lake akafa bila kugusa udi aliouota utotoni, na hilo ni pengo kubwa la historia hii.

Pengo hilo limeanza kuzibwa karne hii. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kilifunguliwa mwaka 2002 katika Jumba la Forodha ya Zamani, Mizingani, kikawafundisha kanuni, udi na fidla wake kwa waume, vijana na watu wazima. Kisha, mwaka 2009, mwandishi wa habari Mariam Hamdani alianzisha Tausi, kikundi cha taarab ambamo wanawake wenyewe ndio waimbaji na ndio wapigaji wa ala.