Walidakia Redioni

Vijiwe vya Arusha, Kaloleni hadi Ngarenaro, bado tunabishana: kipa bora wa Simba ni nani? Wengi wetu tunamtaja Juma Kaseja, aliyepangua penalti Cairo mwaka 2003, Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, wakang'oka. Kaka zetu wanasema Mohamed Mwameja, wa fainali ya Kombe la CAF 1993: sare ya 0-0 Abidjan, kisha tukalala 2-0 Dar mbele ya Stella. Wazee hawataki kusikia: ni Athumani Mambosasa, nusu fainali ya 1974.

Lakini Tanzania Bara ilipata televisheni 1994. Hao wawili walidakia redioni! Kumpa Kaseja kura kwa picha tu ni dhuluma. Mashahidi wanapungua, jamani. Wenye kalamu, tuwaulize wazee leo.