Ngome ya Chake Chake na Makumbusho Yetu



Kazi yangu ya serikali hunipa mara kwa mara dhamana ya kuwatembeza wageni wa ofisi mjini Chake Chake, na sikosi kuwapeleka Makumbusho ya Pemba, ndani ya ngome kongwe karibu na hospitali. Ajabu ni kwamba wageni huingia, na sisi wenyeji aghalabu huipita ngome tukiwapelekea wagonjwa uji.

Ngome hiyo ni ya zama za Waarabu wa Oman, karne ya 18, na wataalamu wanadhani ilijengwa pahala palipokuwa na ngome ya Wareno. Tuionayo leo ni sehemu tu; nyingine ilivunjwa kuipisha hospitali. Siwalaumu walioivunja, kwani mgonjwa hangoji historia. Lakini yafaa tujue kwamba hata kilichobaki kingeweza kwenda vivyo hivyo, lau pasingekuwa na wa kukitaka.

Ndani yake mwanafunzi atakuta mambo ambayo mimi, nilipokuwa darasani, niliyasikia kwa Kilwa na Roma tu. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad, alikitaja kisiwa cha Kanbalu katika karne ya 10, na wanazuoni wengi huona kwamba ni Pemba hii, pengine Ras Mkumbuu, penye magofu ya msikiti na makaburi ya minara. Huko Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi ni vipande vidogo vya fedha vyenye majina ya watawala wa mwambao huu. Watu waliopiga sarafu zao karibu miaka 900 iliyopita hawakuwa wakingoja kustaarabishwa! Pujini nako yupo Mkama Ndume, ambaye wazee husema aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Ukweli wa kisa hicho siutii mkono, ila jina lake tu latosha kutisha.

Hayo yameandikwa na hayatapotea upesi. Khofu yangu iko kwenye karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, cha Pemba kilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kikawa ghala la karafuu. Makumbusho yaweza kuweka pishi na jamvi la kuanikia. Lakini nani atamweleza mtoto kwamba mchumaji alilipwa kwa pishi, pishi ilijazwaje, ugomvi ulizuka wapi, na wanawake waliimba nini usiku wakichambua makonyo? Hayo yamo vichwani mwa bibi zetu, na kila mwaka tunawazika.

Serikali ndiyo yenye majengo. Maneno ni yetu. Basi kila mwanafunzi wakati wa likizo na amwulize mzee mmoja wa kwao, aandike kwa daftari maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na jina lake, kijiji na tarehe. Nakala moja ibaki shuleni, ya pili ipelekwe ngomeni. Nasi wakubwa, tunapobomoa nyumba ya marehemu, tusivitupe vyombo kabla ya kumwita mtu wa makumbusho avitazame. Kwetu ipo pishi ya babu, na mpaka leo inapimia mchele. Mama hataki kuitoa, na bado tunazungumza naye.