Aliyetawa si Mpweke

Miaka mingi niliwafundisha wanachuo kwamba kivumishi cha Kiingereza "reclusive" maana yake ni "mpweke". Leo nakiri kosa.

Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "recludere", ambacho kwa Warumi wa kale, ajabu iliyoje, kilimaanisha kufungua! Baadaye ndipo kikageuka kuwa kufungia ndani. Katika Uingereza ya zama za kati, neno lililozaa kivumishi hicho lilimtaja mtu aliyefungiwa, kwa nadhiri na idhini ya askofu, katika chumba kilichoshikana na kanisa, asitoke hadi kufa. Ndivyo alivyoishi mwanamke tumjuaye kama Julian wa Norwich. Lakini chumba kilikuwa na dirisha, na watu walimwendea kutaka shauri. Margery Kempe alikuwa mmoja wao.

Kivumishi hicho leo hubandikwa mshairi Emily Dickinson (1830–1886) wa Amherst, Marekani, ambaye miaka yake ya mwisho hakutoka kwao ila kwa nadra. Naye aliacha mashairi karibu 1,800 na barua zaidi ya 1,000. Mpweke gani huyo?

Upweke hueleza moyo. Kiswahili kina "kutawa", kinachoeleza mahali mtu alipo, moyo wake kikiuacha na siri zake. Wanawake wa pwani waliotawa hawakukosa wageni wala soga.

Mwanachuo mmoja aliwahi kuniandikia "aliyetawa". Nilimkosesha, kwa kalamu nyekundu.