Utendi wa Lamu Ulipotafuta Mchapishaji

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wosia. Alikuwa mgonjwa, na aliona wakati wake umekaribia. Karibu miaka 60 ilipita kabla utendi huo haujapigwa chapa, na ulipopigwa haikuwa Lamu, wala Mombasa, wala Unguja. Ulitokea Marekani mwaka 1917, katika juzuu ya kwanza ya jarida la masomo ya Afrika la Chuo Kikuu cha Harvard, baada ya kuandaliwa na Alice Werner, mtaalamu Mwingereza wa lugha za Kiafrika aliyekuwa amefika Lamu miaka michache kabla.

Al-Inkishafi ilikawia zaidi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeililia Pate na majumba yake yaliyogeuka magofu, alikuwa kaburini kwa karibu karne nzima wakati beti zake zilipochapishwa mwaka 1915. Hata hapo hazikupewa kitabu chake peke yake. Zilitiwa mwishoni mwa kitabu cha Kapteni Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili, kilichotoka Cambridge, pamoja na tafsiri ya William Taylor. Kitabu chenye jina lake juu ya jalada kilipatikana mwaka 1939, kwa kazi ya William Hichens huko London.

Kijana wa Mkomani au wa Faza mwenye diwani yake mkononi leo huuliza: niipeleke wapi, nani atanipokelea? Ni swali ambalo visiwa hivi vimeliuliza kwa vizazi. Lamu haijawahi kukosa watunzi. Imekosa wapokeaji wa karibu, watu wenye mashine ya chapa, fedha na nia ya kuitoa kazi ya Kiamu, lahaja ya Lamu au Amu, kwa Kiamu chake wakati mtunzi wake angali hai.

Kabla ya chapa mambo yalikuwa na utaratibu wake, nao ulifanya kazi. Mtunzi aliandika kwa herufi za Kiarabu. Tendi nyingi huanza kwa mtunzi kuagiza aletewe karatasi, wino na kalamu, na humalizika kwa jina lake na ombi la radhi kwa makosa yaliyomo. Chuo, yaani kitabu, kikishaandikwa kiliazimwa, kikanakiliwa, kikaghanwa mbele ya watu nyumbani na kwenye shughuli. Siyu ilijulikana mwambao mzima kwa mafundi wa kunakili Kurani kwa mkono, na ufundi huohuo wa khati ndio ulioziweka hai tendi za Pate na Amu. Chuo cha Herekali cha Mwengo wa Athumani, kilichotungwa Pate mwaka 1728, kilitufikia kwa njia hiyo. Aliyeamua kazi gani iishi alikuwa msikilizaji: akipenda aliomba nakala, na asipopenda karatasi ilibaki sandukuni ikaliwa na mchwa.

Aliyeunganisha ulimwengu huo na ulimwengu wa chapa ni mtu mmoja, Muhammad bin Abubakar Kijumwa, aliyezaliwa Lamu katikati ya karne ya 19 na kufariki mwaka 1945. Alikuwa mchonga milango, mwandishi wa khati, malenga, na fundi wa kibangala aliyejua kukitengeneza na kukipiga. Wazungu waliotaka tendi za Lamu walimwendea yeye. Werner alimwendea. Hichens, akiwa Uingereza, aliandikiana naye barua miaka ya 1930, akaagiza nakala, na Kijumwa akazinakili kwa mwandiko wake mzuri na mapambo, akazitia posta. Mwaka 1936 Mjerumani Ernst Dammann alifika Lamu, akakaa na Kijumwa na kukusanya maandishi. Mwaka 1940 akatoa mjini Hamburg kitabu kikubwa cha tungo za Kiamu. Ndiyo maana anayetaka kuuona mwandiko wa Kijumwa kwa macho yake leo hulazimika kuufuata London na Hamburg.

Ni rahisi kumwona Kijumwa kama karani wa Wazungu. Mimi namwona kama shirika la uchapishaji lenye mfanyakazi mmoja. Alijua nani anatafuta nini. Alijua bei ya kazi yake, kwa kuwa aliishi kwa mikono yake. Alijua mswada wa kupelekwa mbali unahitaji nini: mwandiko unaosomeka, jina la mtunzi, na maelezo kwa msomaji asiyezaliwa Amu. Hata yeye, hata hivyo, alipata sehemu yake ya kungoja. Utendi wake mwenyewe wa Fumo Liyongo, alioutunga mwaka 1913, ulitolewa kuwa kitabu Dar es Salaam mwaka 1973, miaka 28 baada ya kifo chake.

Wakati Kijumwa akitia bahasha zake posta, mlango mwingine ulikuwa ukifunguliwa kusini. Gazeti la Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya idara ya elimu ya Tanganyika. Lilipokea mashairi ya wasomaji, na Shaaban Robert ni mmoja wa waliosomwa humo. Mtu wa kawaida mwenye kalamu, bahasha na stempu aliweza kupeleka shairi na kulingojea toleo lijalo.

Kwa mtu wa Lamu mlango huo ulikuwa na kizingiti kirefu. Gazeti lilichapwa kwa herufi za Kilatini, na yeye alisoma chuoni kwa herufi za Kiarabu. Kisha mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, lahaja ya Unguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, na miswada ya vitabu vya shule ikawa inapelekwa kwake isomwe na kupata ithibati. Kiamu, lahaja iliyobeba tendi kongwe kuliko zote tulizonazo, kikawa cha kusahihishwa. Sina shaka kwamba usanifishaji ulileta manufaa, na makala haya yenyewe ni tunda lake. Lakini gharama yake ililipwa na watu wa kaskazini ya mwambao zaidi ya wengine, na haifai kulifumbia macho jambo hilo.

Mombasa ilijitahidi kivyake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akionyesha kwamba Waswahili wanaweza kumiliki gazeti lao. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha East African Literature Bureau, ofisi iliyopokea miswada kwa lugha za wenyeji na kuitolea vitabu, na ambayo tawi lake la Kenya liligeuka Kenya Literature Bureau baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Miaka ya 1970 Oxford University Press ya Nairobi ilitoa Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir, kisha Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla mwaka 1973, mashairi yaliyoandikwa gerezani kwenye karatasi za chooni. Wote wawili ni wana wa Mombasa. Mji wenye barabara, reli na redio ulikuwa karibu na mhariri. Lamu ilikuwa ng'ambo ya maji, na njia ya kwenda Mokowe, upande wa bara, ilikuwa ndefu na mbovu.

Aliyelivuka pengo hilo kwa ukaidi ni Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017. Sambo ya Kiwandeo, utendi wake juu ya uundaji wa jahazi, ulitolewa Leiden, Uholanzi, mwaka 1979, ukihaririwa na Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg. Umbuji wa Mnazi ulitolewa na East African Publishing House ya Nairobi mwaka 1985. Nabhany alitumia maisha yake kuwafundisha watafiti, kuwasomea miswada na kuwafafanulia misamiati, na wengi waliopata shahada kwa tendi za Lamu walipita kwake. Kama Kijumwa, alikuwa mlango wa wengine. Tofauti ni kwamba yeye aliviona vitabu vyake akiwa hai.

Lakini mchapishaji aliyeifaa Lamu kuliko wote katika karne ya 20, kwa maoni yangu, ni kaseti. Katikati ya miaka ya 1970, joto la uchaguzi lilipopanda kisiwani, tungo za kujibizana zilizojulikana kama Kimwondo zilighanwa, zikanaswa kwenye kaseti na kusambaa nyumba kwa nyumba. Wakati huohuo kijana wa Lamu, Mahmoud Ahmed Abdulkadir, anayejulikana kama Ustadh Mahmoud Mau, alitunga Wasiya wa Mabanati, utendi wa kuwaonya mabinti, mwaka 1974. Nao ulisafiri kwa kaseti. Kaseti haikumlazimisha mtunzi abadili lahaja yake, haikumdai aandike kwa herufi asizozizoea, wala haikumngojesha majibu ya barua kutoka Nairobi. Ilirudisha utendi masikioni, mahali ulipozaliwa. Upungufu wake ulikuwa mmoja, nao ni mzito: utepe hunyauka, na sauti ikipotea hakuna rafu ya maktaba ya kuitafuta.

Ustadh Mau, aliyezaliwa mwaka 1952, alifanya kazi ya kuoka mikate kwa miaka mingi na ni imamu wa Msikiti wa Pwani. Simu zilipofika, tungo zake zilihamia WhatsApp. Mwaka 2023 Brill ya Leiden ilitoa In This Fragile World, mkusanyo wa tungo zake ulioandaliwa na Annachiara Raia na Clarissa Vierke, Kiamu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuupakua bila malipo. Baina ya Wasiya wa Mabanati na kitabu hicho kuna karibu nusu karne. Ni heri kuliko karne nzima ya Al-Inkishafi, ila bado ni muda mrefu kwa mtunzi kungoja, na bado chapa ni ya Uholanzi.

Nini kipo leo kwa mwandishi anayeanza? Kikubwa zaidi ni Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell. Hupokea miswada ya riwaya na ya ushairi ambayo haijachapishwa, na haimbagui mtu kwa nchi yake. Miongoni mwa washindi wa kwanza, mwaka 2015, alikuwa Mohammed Khelef Ghassani wa Pemba kwa diwani ya N'na Kwetu, ambayo baadaye ilichapishwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Mtu wa Lamu asome habari hiyo mara mbili: Mpemba aliyeandika kwa ladha ya kwao alishinda. Jarida la Swahili Forum, linalohaririwa Ujerumani tangu miaka ya 1990, lina nafasi kwa wanaoandika juu ya fasihi ya mwambao. Gazeti la Taifa Leo limekuwa likichapisha mashairi ya wasomaji kwa miongo mingi. Nairobi mashirika ya vitabu hutegemea sana soko la shule, kwa hivyo hadithi fupi ya kutiwa kwenye diwani ya vidato hupenya upesi kuliko utendi wa beti mia tatu. Anayepeleka ajue hivyo kabla ya kutoa nauli.

Na apeleke mswada uliokamilika. Achape kwa kompyuta, abakishe nakala, atie tarehe. Maneno ya Kiamu asiyafute ili kumridhisha mhariri, bali ayaeleze katika faharasa mwishoni, kama Kijumwa alivyowaeleza wageni wake. Asome vitabu viwili vitatu vya mchapishaji anayemlenga, ajue wanapenda nini. Anayedai fedha ili akusomee, mkimbie.

Lililobaki ni la wenyeji. Kila mwaka Lamu huwa na Maulidi na tamasha lake la utamaduni, na malenga huja kutoka Pate, Siyu, Faza na bara. Serikali ya Kaunti ya Lamu, kwa kushirikiana na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, itenge fungu dogo la fedha, iteue wahariri watatu wanaokijua Kiamu, na itoe kila mwaka diwani moja ya tungo mpya, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu, ikiwa na anwani ya kupokelea miswada iliyo mjini Lamu kwenyewe.