Anna, Pete na Kamari

Ukiskia Dostoyevsky, unakumbuka vitabu. Mimi namkumbuka bibi yake, Anna.

Mwaka wa 1866 Anna alikuwa na miaka 20, kazi yake kuandika hati mkato. Alimsaidia huyo mwandishi kumaliza riwaya kwa siku 26. Na riwaya yenyewe ilikuwa ya mcheza kamari! Februari 1867 wakaoana, kisha wakatoka Urusi, wadai wakiwa nyuma yao. Kufika Baden-Baden, Ujerumani, jamaa akazama kwa ruleti. Hereni, pete za ndoa, hadi nguo za Anna zikawekwa rehani.

Anna hakupiga kelele. Aliona huo ni ugonjwa. Machungu yake aliyaandika kwa daftari, kwa hati mkato ambayo mzee hangeweza kusoma.

1871, baada ya kuliwa tena huko Wiesbaden, Dostoyevsky akaacha kabisa. Watu husema ni upendo ulimponya. Mimi sikubali. Asingeacha, huo uvumilivu ungemmaliza Anna. Kilichojenga hiyo nyumba ni venye Anna alishika pesa waliporudi Urusi. Aliongea na wadai mwenyewe, na 1873 akaanza kuchapisha vitabu vya mumewe.

Siku hizi kasino iko kwa simu, mkeka unawekwa mkiwa kitanda kimoja. Mtu wako akibeti, mhurumie, lakini kodi ya nyumba na pesa ya shule zisipitie kwake. Anna alivumilia miaka 4. Wewe usingoje pete iende.